Shule Niliyoisifu kwa Mdomo Wangu

Mliponiacha wiki iliyopita nilikuwa mlangoni kwangu hapa Buffalo, koleo la theluji mkononi, nikilitazama lori la kukodi likiingia uani kinyumenyume. Ndani ya lori mlikuwa na vitanda vya mdogo wangu Zenoni, masufuria ya mkewe Delfina, na mbele kabisa, katikati yao, binti yao Grâce. Walikuwa wameihama Louisville kwa ajili ya sauti yangu.

Kwa anayelifungua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza: mimi naitwa Florida. Wamarekani wakilisikia jina hilo hucheka na kuniuliza nimefuata nini kwenye baridi. Nilizaliwa Burundi, nikakulia kambini Tanzania, na hapa nilikuwa napanga maboksi kwenye ghala moja huko Cheektowaga. Kanisa letu la Kianglikana lilinituma nikaione shule ya sekondari ya Mtakatifu Oswini siku wanayowakaribisha wazazi, kisha nirudi niwaambie wenzangu kama inawafaa watoto wetu. Mchungaji Gasore alisema ananichagua kwa kuwa nina macho. Alisahau kusema kwamba nina mdomo pia.

Nikaenda. Nikapewa kiti cha mbele, chai na keki. Niliyaangalia yale tunayoyaangalia sisi. Vyoo ni visafi, watoto wanasimama mkubwa akiingia, asubuhi wanaanza na sala. Mkuu wa shule, Bi Harrow, alisimama akasema kila mwanafunzi anayeingia darasa la mwisho anamaliza na cheti chake, haanguki hata mmoja.

Kwetu mtu aliyekula nyumbani kwa watu hatoki akiisema vibaya nyumba yao. Nilipotoka nikarekodi ujumbe wa sauti, nikaisifu shule ile kama bibi harusi, nikautuma kwenye kundi la kanisa. Kundi likautuma Louisville, Louisville wakautuma Columbus, na baada ya hapo sikujua tena ulikokwenda.

Na mliniacha pia na maneno ya Nabintu, jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama wa Kikongo kutoka Bukavu. Alitoka na kandambili kwenye theluji, akalitazama lori, akanitazama mimi.

"Florida, ungeniuliza miye kwanza," alisema, akarudi ndani.

Nilimchukulia kuwa ana wivu. Mwanawe Ombeni alisoma shule hiyohiyo, kisha akahamia Columbus kwa mjomba wake. Wazazi wake walituambia kanisani kwamba amepata kule shule yenye timu nzuri ya mpira, nasi tukapiga makofi. Sasa huyu wa mpira anahama, wa kwetu anaingia. Nikajisemea, kijicho hicho.

Zenoni akashuka kwenye lori, akanishika mikono yote miwili.

"Dada, umetutoa mbali," alisema.

Kichwa kikanivimba, kofia ikataka kunibana.

*

Wiki za kwanza zilikwenda vizuri mno. Tulibanana vyumba vya juu, Delfina akipika, Zenoni akapata kazi ya jioni kwenye kiwanda kimoja upande wa Lackawanna. Grâce akavaa sare, sketi ya buluu na fulana yenye msalaba. Walimwingiza darasa la kumi na moja, moja tu kabla ya la mwisho.

"Shule inakwendaje, binti yangu?" nilikuwa namuuliza.

"It's good, shangazi," anajibu, macho kwenye simu.

Kabla ya Kwaresima Bi Harrow akanipigia mwenyewe. Alitaka nifike ofisini kwake. Nikavaa kitenge changu cha Pasaka ingawa Pasaka ilikuwa bado.

"Familia zako zinakuamini," aliniambia. Ana sauti ya pole, sauti ya mtu anayebembeleza mgonjwa. "Nimesikia kuhusu ule ujumbe wako. Nataka uje ufanye kazi na sisi. Uwe mtu wa kati, shule upande huu, wazazi upande ule. Uketi nao hasa tunapokuwa na jambo gumu la kuwaambia."

Mimi nilisikia ofisi. Nilisikia kiti chenye magurudumu. Hilo la jambo gumu lilipita sikioni kama gari la wageni.

"Unakubali?" aliuliza.

"Nakubali," nikasema, na wiki iyo hiyo nikaaga ghalani.

Zenoni alipopata habari alinunua soda kubwa, tukanywa wote, na Delfina akaniimbia wimbo wa kwaya. "Wifi," alisema, "sasa mtoto wetu ana mama shuleni." Wapenzi wasomaji, kuna furaha inayokuja mbele ya msiba kuufagilia njia. Nawaambia hivyo leo kwa kuwa najua. Siku ile sikujua lolote, nilikunywa soda.

*

Siku yangu ya kwanza Bi Harrow alinitembeza mwenyewe. Tukafika kwenye ukumbi mrefu unaokwenda kanisani, ukutani picha za waliomaliza, kila mwaka na kundi lake, vijana wamevaa majoho na kofia.

Nilianza kuwatafuta wa kwetu. Ndivyo tulivyo, tukiona picha ya watu wengi tunatafuta wetu. Nikaangalia mwaka jana. Nikaangalia mwaka juzi. Nikarudi nyuma mpaka kwenye miaka ambayo watu wetu walianza kufika mji huu.

Hakukuwa na sura moja.

Na siku ya kukaribisha wazazi nilikuwa nimewaona madarasani, wa Kongo, wa Burundi, safi kabisa. Wawili wao ndio walionipokea mlangoni, wakanivua koti.

"Bi Harrow," nikasema, "watoto wa kwetu sijawaona hapa."

"Wanahama," alijibu. Hakusita hata kidogo. "Familia zenu zinahama sana. Louisville, Columbus. Inasikitisha, lakini ndivyo ilivyo."

Akatabasamu, akaniwekea mkono begani, tukaendelea kutembea. Ukumbi ule una hita zinazogonga ndani ya kuta, ko, ko, ko, na zilitufuata mpaka mwisho.

Nilijiambia ni kweli tunahama. Si mdogo wangu alihama juzi tu? Lakini Zenoni alihama kuja hapa. Hilo lilinikera kama kijiwe ndani ya kiatu.

Siku chache baadaye nilipita maktaba saa za vipindi. Nikamkuta Grâce ameketi na watoto wengine wa kwetu, meza moja, wametulia kabisa. Hakuna mwalimu.

"Mbona hampo darasani?" nikauliza.

Wenzake walitazama chini. Grâce alinijibu kwa Kiingereza.

"They said we can read today."

"Leo tu?"

Akainua mabega. "Most days, shangazi."

"Na baba yako anajua?"

Hapo akageuka Mswahili. "Usimwambie, tafadhali. Walisema ni kwa muda. Baba aliacha kazi yake kwa ajili yangu."

Nilisimama pale, beji yangu mpya ikining'inia shingoni.

*

Jioni ile nilishuka ngazi. Nabintu alikuwa jikoni, anapika sombe, kisamvu chao, na hakuonyesha kushangaa.

"Bon. Ikala, Florida," alisema, akinisogezea kiti. "Nilijua siku moja utashuka hizi ngazi."

"Niambie ukweli. Ombeni alihama, au alihamishwa?"

Alipunguza moto kwanza. Akafuta mikono, akaketi mbele yangu.

"Balituita, donc, miye na bwana yangu Birindwa. Ule mama wa shule akaongea muzuri sana, na sauti ya pole. Asema Ombeni iko mutoto wa muzuri, lakini darasa ya mwisho itamushinda, atakuwa muzuri zaidi fasi ingine. Asema, tunasikilizana?"

"Na Birindwa akajibu nini?"

"Unamujua Birindwa. Iko mbele ya mwalimu. Akainamisha kichwa, asema oui, merci, Mungu akubariki. Na miye vilevile."

Sikuhitaji kuelezwa zaidi, lakini nyinyi mliokulia kwingine huenda mkahitaji. Kwetu mzazi hambishii mwalimu usoni. Anapokuita na kukuambia neno zito, unainamisha kichwa, unasema ndiyo mwalimu, unashukuru, unatoka. Huko si kukubali. Ni kuonyesha kwamba umelelewa. Jibu lenyewe mnalitafuta nyumbani, na kesho yake anatumwa mtu mzima mwenye maneno laini kwenda kuyafungua mazungumzo upya. Kambini ilikuwa hivyo, na kabla ya kambi ilikuwa hivyo. Hakuna mwalimu mkuu wa kwetu angeyachukua yale ya siku ya kwanza akayafanya ndiyo mwisho.

"Kesho yake tulitaka tukutume weye," Nabintu aliendelea. "Weye njo uko na Kingereza. Birindwa akapita kule asubui, juu ya kuomba siku yenye utakuja. Bakamwambia, mulishakubali jana. Jina ya mutoto ilishatoka. Fasi yake ilishapewa mwengine."

"Na hamkuniambia."

"Tuseme nini? Niende kanisani niseme mutoto wangu balimufukuza? Njo tukamutuma Columbus. Na haiko siye peke yetu, Florida. Ile famille ya Lackawanna, binti yao iko Louisville. Batu banasema amepata shule ya muzuri. Weye unafikiri shule za muzuri ziko nyingi vile?"

Nikayakumbuka makofi tuliyopiga. Kila mtoto aliyeondoka tulimpigia. Ndiyo maana haanguki hata mmoja katika darasa la mwisho. Anayeelekea kuanguka anatolewa kabla hajafika, na wazazi wake wenyewe ndio wanaomfungia mlango kwa aibu, kisha wanatutangazia kwamba amepata bahati.

Hasira zilinipanda, na sitawaficha zilimwendea nani.

"Ulisikia ujumbe wangu ukanyamaza," nilimwambia. "Ulimwacha ndugu yangu apakie vitanda."

"Nilisikia nikiwa naosha masahani. Nilitaka kukuandikia. Nikaona, kama nasema shule iko mubaya, utaniuliza najua je." Macho yalimjaa. "Nilikosa fasi ya kuanzia."

Sombe ikawa inatokota. Mwishowe akaniuliza swali, na swali hilo bado liko kichwani mwangu ninapoandika.

"Sasa weye uko kule ndani na beji yao. Weye njo tulikuwa tunatuma. Siku bataita mutu mwengine, atatuma nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa kazi niliyopewa. Wazazi walikuwa wakiondoka wameitikia, kesho yake wanarudi na maneno mapya, na hilo liliwasumbua pale shuleni. Sasa wamemchukua mjumbe mwenyewe wakampa kiti chenye magurudumu. Likisemwa mbele yangu limekwisha, hakuna wa kutumwa tena.

*

Ujumbe wa sauti huwezi kuurudisha. Nilijaribu kuufuta, nikaufuta kwangu, na ilikuwa kazi bure, ulishakaa kwenye simu za watu wa miji mitatu.

Nikampigia Rurangwa huko Columbus. Simjui uso, namjua sauti. Yeye ni baba wa watoto wanne, mtu wa Uvira, na alikuwa akinipigia tangu Krismasi kuuliza habari za Mtakatifu Oswini. Nilikuwa nimejipanga kumwambia neno moja tu: msije.

"Mama Florida," alipokea kabla sijasalimu. "Tulikuwa tunakutaja sasa hivi kwenye sala."

"Baba, nilitaka kukuambia kuhusu shule..."

"Tumesikia uko mukubwa kule sasa. Batoto banaruka hapa ndani ya nyumba. Ngoja nikupe mama yao."

Mama yao akanibariki. Akampa simu binti mkubwa, naye akaniambia kwa Kiingereza kwamba anataka kuwa daktari. Simu ikarudi kwa baba, na kila nilipofungua mdomo alinijazia shukrani.

"Nyumba tulishaiachia," alisema. "Nusu ya vitu tuligawa. Tunangoja tu weye useme, kujeni."

Mdomo wangu huu, uliowasema watu mbele na nyuma, ulikauka.

"Barabara zina theluji bado," nikasema. "Msiharakishe."

"Asante kwa kutuhurumia," akajibu.

Nikakata simu nikalia. Mdomo huponza kichwa, walisema wazee. Wangu ulikuwa umeponza vichwa vya watu wengine, na siku ya kuviokoa ukawa na adabu.

Mtaniuliza kwa nini sikuacha kazi kesho yake. Nilijidanganya kwamba nikikaa ndani nitawasaidia. Na mtaniuliza kwa nini sikumwambia Zenoni. Nilijidanganya pia. Grâce amekuja juzijuzi, nilijisemea, hawawezi kumgusa kabla ya mwaka ujao, na kabla ya hapo nitakuwa nimepata njia. Zenoni alikuwa anarudi kutoka Lackawanna amechoka, ananishukuru kabla hajavua viatu. Kila siku nikasema kesho.

*

Wiki iliyotangulia ile ya Mateso, Bi Harrow akaja kwenye meza yangu.

"Alhamisi tuna familia moja," alisema. "Jambo gumu kidogo. Nataka uketi nao, uwatafsirie, uwafanye wajisikie nyumbani. Wakilisikia kwako watalipokea vizuri."

"Jambo gani?"

"Mtoto ambaye angechanua zaidi mahali pengine." Alilisema taratibu, kama mtu anayeutaja ugonjwa. "Sisi tunampa kila mtoto mwanzo, Florida. Si kila mtoto tunaweza kumpa mwisho."

"Na wazazi wakikataa?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Hawajawahi kukataa. Watu wenu ni waungwana sana. Wanaitikia, wanashukuru, wengine wananiombea dua. Nisingewahi kumwondoa mtoto bila wazazi kukubali, hilo ujue."

Na niliona kwamba anaamini. Hilo lilinitisha kuliko yote. Ningemkuta mwongo ningejua pa kumshika.

"Ni familia ipi?" nikauliza.

Simu yake ikalia, akaondoka akiipokea. Mchana huo na kesho yake alikuwa kwenye vikao Kenmore. Nami nikaomba Mungu iwe familia ya mtu mwingine. Niliomba hivyo, kwa magoti, na wasomaji mnihukumu mtakavyo.

Alhamisi asubuhi nyumba yote ilinukia sambusa. Delfina alikuwa ameamka mapema, anakaanga, anaimba.

"Za nani, wifi?" nikamuuliza.

"Za watu fulani," alisema, akacheka na kunifukuza jikoni.

Nikaenda kazini. Nje theluji ilikuwa inayeyuka, imegeuka tope jeusi kando ya barabara. Nilipanga moyoni cha kufanya. Bi Harrow hajui Kiswahili hata salamu. Familia yoyote itakayoketi pale, nitawaambia kwa lugha yetu, mbele yake, wasiitikie. Wakatae. Waseme wanataka muda. Nilijiona mjanja. Nilipofungua mlango wa ofisi yake nilikuwa karibu kutabasamu.

Zenoni alikuwa ameketi kwenye kiti cha kwanza, amevaa suti yake ya kanisani. Pembeni yake Delfina, kapakata bakuli limefunikwa kwa kitambaa cheupe.

"Asante Mungu, ni wewe," Zenoni alisema alipoinuka kunisalimu. "Walinipigia simu jana. Hatukukuambia, tulitaka kukushtukiza. Nadhani wanataka kutukaribisha rasmi."

"Nimewaletea sambusa walimu," Delfina akanong'ona.

Bi Harrow alitutazama kwa furaha. Kwetu ndugu hawachangii jina la ukoo, kila mtoto anapewa lake, na watoto wetu wote huniita shangazi. Hakuwa na njia ya kujua. Aliona tu watu wawili wa kwetu wakifurahi kumwona mtu wa kwao, na hicho ndicho alichoniajiria.

"Karibuni," alisema. "Florida, waambie Grâce ni binti mzuri sana."

Nikawaambia. Delfina akashika mkono wa mumewe.

"Waambie tumemtazama kwa makini. Hesabu zimemwelemea, na darasa la mwisho litamuumiza. Tunafikiri kuna shule nyingine itakayomfaa zaidi, na tungependa ahamie huko baada ya Pasaka. Tunataka tu kujua kwamba tunaelewana."

Akakunja mikono mezani, akamtazama Zenoni, akangoja.

Nilikuwa na sekunde zangu hizo. Ndugu yangu namjua tangu nikimbeba mgongoni tukikimbia. Nilijua nikianza na habari zenyewe atachanganyikiwa, na akichanganyikiwa mbele ya mwalimu atafanya walichofanya Birindwa na wote waliopita. Kwa hiyo nilianza na amri. Nilikaza sauti, ile ya dada mkubwa, ile iliyomtoa mtoni na kumrudisha shuleni kambini. Sikuwa nimeitumia kwake tangu aoe.

"Zenoni, nisikilize. Wanataka kumtoa Grâce. Usiitikie. Lolote utakalosikia hapa, usimwitikie huyu mama kwa kichwa wala kwa mdomo. Ukiitikia tu, mtoto ametoka. Umenisikia?"

Nilimwona akishtuka. Nilimwona akilimeza. Ni mdogo wangu, na amelelewa vizuri, nami ni dada yake mkubwa, nimesema naye kwa ukali mbele ya watu.

Akainamisha kichwa chake chote, polepole, kwa heshima.

"Ndiyo, dada," alisema. "Nimekusikia."

Bi Harrow akashusha pumzi.

"Asante," alisema kwa ile sauti ya pole. "Najua si rahisi. Mmekubali kwa uungwana mkubwa."

Akainuka akazunguka meza, akamnyooshea mkono. Na Zenoni, ambaye hajawahi kuuacha mkono wa mtu hewani, akaupokea kwa mikono yake miwili. Nilikuwa nimesema haraka nikimwelekea mumewe, na Delfina, macho kwa mwalimu, hakuwa ameelewa nusu ya yaliyosemwa. Alipoona wanashikana mikono akafunua bakuli lake.

Zenoni alinigeukia, bado kashikwa mkono, jasho limemtoka kwenye paji.

"Dada," aliniuliza kwa Kiswahili, taratibu, asisikiwe. "Nimefanya vizuri?"